Mabati Sita Ziwani

Mwaka ulikuwa 2024, na masika yalikuwa yamefika Busia kwa mvua iliyonyesha kila alasiri bila kukosa. Siku ya Jumanne, wiki ya tatu ya Aprili, Roselida aliteremka kwenye baiskeli ya abiria kando ya barabara ya Alupe, akatua karai lake tupu la samaki mlangoni, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kuyatazama mabati yake, kama alivyofanya kila siku tangu yaletwe. Yalikuwa yameegemezwa ukutani chini ya turubai kuukuu. Aliyahesabu kwa macho. Akalifunua turubai, akayahesabu kwa kuyagusa. Jana yalikuwa kumi na mawili. Sasa yalikuwa sita.

Mabati hayo hayakununuliwa na mtu wa nyumba hiyo. Yalitoka kwa chama cha akina mama kumi na watatu, ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakiezekeana nyumba. Aliyefikiwa na zamu alipewa bati moja na kila mwenzake, na kila mwenzake aliandika jina lake kwa rangi nyekundu upande wa chini wa bati alilotoa, kwa mkono wake mwenyewe, ili atakayeleta bati jembamba ajulikane. Siku iliyopangwa walifika wote, wakaingia ndani, wakatazama juu, kila mmoja akasoma jina lake, wakala, wakaenda zao. Bati ambalo halikuonekana siku hiyo lilihesabiwa kuwa limeuzwa. Aliyeuza bati la chama alirudisha yote kumi na mawili, na jina lake likafutwa.

Roselida alikuwa ametoa mabati kumi na moja kwa wenzake kumi na mmoja. Siku yake ilikuwa Jumamosi. Fundi alikuwa amekwisha kung'oa mabati yenye kutu upande wa chumba cha kulala, akaahidi kurudi baada ya kupata mbao, na upande huo sasa ulifunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyofanya tumbo la maji.

Aliingia jikoni. Mumewe, Wabwire, alikuwa ameketi juu ya kigoda akipaka grisi cheni ya baiskeli.

"Baba Trizah, mabati yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Sio Port."

"Yanafanya nini Sio Port?"

"Kazi."

Roselida aliufunga mlango ili majirani wasisikie. "Umeyauza?"

"Mimi si mwizi, Mama Trizah. Nimeyakata."

Wabwire alikuwa na mashua ya kuvulia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, akiiendesha pamoja na kijana aitwaye Austine. Wavuvi wa omena huingia ziwani jioni, wakawasha taa, wakavua, wakarudi asubuhi. Na asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukaelekea ziwani, ukawapiga usoni wanaorudi. Mwenye injini hutia petroli. Asiye na petroli hupiga kasia, na akifika ufuoni hukuta lori la barafu linalonunua samaki limekwisha kuondoka saa tatu. Wakati wa kiangazi angeanika omena zake kwenye nyasi. Wakati wa masika huanika asubuhi, na jioni hutupa. Tangu Februari, petroli ilikuwa ikila mapato ya Wabwire kabla hajayagusa, na tangu Machi alikuwa akisema habari za gurudumu la upepo. Watu walidhani ni maneno tu.

"Upepo unatoka nchi kavu," Roselida alisema. "Wewe unataka kurudi nchi kavu. Sasa huohuo upepo unaokurudisha nyuma ndio utakuleta mbele? Unajisikia unavyosema?"

"Hiyo ni tanga. Tanga linasukumwa. Hili ni gurudumu. Upepo unalizungusha, gurudumu linazungusha propela chini ya maji, propela inasukuma boti. Upepo hauulizi boti inaenda wapi."

"Na kwa nini mabati yangu?"

"Mapanga ya gurudumu, yale ya plastiki, yamevunjika mara mbili. Bati nene la geji thelathini haliwezi kuvunjika."

"Nimeuliza kwa nini yangu."

Wabwire aliiweka cheni chini. "Mabati ni ya nyumba hii. Mimi si wa nyumba hii?"

"Ni ya paa la nyumba hii. Wewe si paa."

Wabwire aliiokota cheni. Maji yalidondoka kutoka kwenye nailoni, yakagonga sufuria aliyoiweka Roselida juu ya kitanda, chumbani.

"Jumamosi wanakuja watu kumi na wawili kutazama juu," Roselida aliendelea, kwa sauti ya chini sasa. "Wataona nini? Mawingu?"

"Kabla ya Jumamosi itakuwa imefanya kazi. Nikipata samaki wa siku mbili bila petroli, nanunua mengine."

"Na majina? Utayanunua dukani?"

Wabwire hakuwa amewaza juu ya majina. Hilo lilionekana usoni pake, na mkewe akaliona, akatoka nje asije akasema neno ambalo lisingerudi.

*

Jumatano alikwenda kwa Oluka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini karibu na mpaka. Oluka alitokea upande wa Uganda, na alikuwa na tabia ya kuwaita wanawake wote nnyabo, yaani mama, lakini kwa sauti tofauti kwa mwenye pesa na asiyekuwa nazo.

"Nnyabo, karibu! Leo ni msumari au ni rangi?"

"Mabati sita, Oluka. Geji thelathini. Nitakulipa mwisho wa mwezi ujao."

Sauti ilibadilika. "Mwisho wa mwezi ujao."

"Unanijua. Nauza samaki pale sokoni miaka tisa."

"Nakujua, na samaki wako nakula. Lakini mabati si samaki, nnyabo. Huwezi kuchukua ukaniletea kichwa." Wateja wawili walicheka. Oluka aliwapa nafasi wamalize, kisha akainama juu ya meza. "Hilo geji thelathini ni elfu moja na mia mbili kila moja, pesa mkononi. Nina mengine kule nyuma, mepesi, nusu ya bei. Ukiyapandisha juu nani atajua?"

"Atakayeligonga atajua."

"Nani anapanda kugonga bati la mtu?"

"Mwenyekiti wetu."

"Ah." Oluka alinyooka. "Yule mama wa Moding?"

"Yule."

"Basi lete pesa mkononi, nnyabo. Yule mama alinirudishia bati hapa mbele ya watu, akalishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa."

Roselida alikuwa na noti mbili za mia tano ndani ya kitambaa. Alizigusa bila kuzitoa. Mmoja wa wale wateja alimpisha mlangoni kwa heshima iliyozidi, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

*

Alhamisi, jua lilipochomoza, alikuwa amekwisha kufika Sio Port kwa pikipiki, na mkasi wa kukatia bati ndani ya kikapu. Hakujua angeufanyia nini. Alijua tu kwamba vitu vya watu vilikuwa huko na yeye alikuwa amevichukulia dhamana.

Mashua ilikuwa majini karibu na ufuo. Katikati yake palisimama nguzo ya chuma, na juu ya nguzo gurudumu refu kumshinda mtu. Wabwire alikuwa ameyakata mabati, akayapiga nyundo mpaka mikunjo ikanyooka, akayapinda kidogo kama mtu anavyopinda kiganja apate maji. Yalikuwa mapanga sita. Na kwenye kila panga, kwa rangi nyekundu, liliandikwa jina: AKURUT. ASIO. AMUGE. AMONG. AJIKO. BRENDAH.

Wavuvi waliorudi mapema walikuwa wamejipanga kutazama.

"Mzee Wabwire! Chama cha akina mama kimeingia ziwani!"

"Leo Ajiko atavua samaki wangapi?"

"Waulize kama wamelipa kodi ya bichi hapa ufuoni!"

Austine, kijana wa mashua, alikuwa amesimama majini, maji yakimfika kiunoni, hataki kupanda. "Boss, mimi nitashika kamba tu. Hii kitu ikianguka itanikata shingo, na mama yangu ananitegemea."

"Shika hiyo kamba basi, na ufunge mdomo," Wabwire alijibu, akaondoa kigingi kilichoshikilia gurudumu.

Upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu, wa kawaida wa asubuhi. Gurudumu lilijivuta. Lilizunguka nusu, likasita, likamaliza mzunguko, likasita tena. Chini ya maji propela ilitikisika kidogo. Mashua iliyumba, kisha ikaanza kwenda taratibu kinyumenyume, ikielekea kilindini, na Austine akabururwa nayo mpaka maji yakamfika kifuani. Ufuo mzima ulicheka. Mzee mmoja aliketi chini kabisa.

Roselida alivua viatu. Alikusanya nguo, akaingia majini, akaishika mashua ubavuni kwa mkono mmoja. Mkasi ulikuwa katika mkono wa pili. Kicheko kilipungua.

"Nipe mabati ya watu," alisema.

"Mama Trizah, ondoka. Usiniaibishe."

"Nikuaibishe? Umebakisha nafasi?" Aliinua mkasi, na macho yake yakaangukia cheni. Ilikuwa cheni ya baiskeli, imetoka kwenye gurudumu la meno lililo chini ya mapanga, ikashuka mpaka kwenye mtaimbo wa propela. Juu palikuwa na gurudumu kubwa la meno, lile la kanyagio. Chini palikuwa na dogo, lile la nyuma. Wabwire alikuwa ameihamisha baiskeli ilivyo.

Marehemu baba yake Roselida alikuwa amebeba magunia ya mahindi kwa baiskeli kuvuka mpaka kwa miaka ishirini. Mlima wa kutoka upande ule ulikuwa umewavunja vifua vijana waliotaka mwendo wa kasi. Yeye alikuwa amefungua baiskeli yake, akatia meno madogo mbele na makubwa nyuma. Miguu ilizunguka kama ya kuku aliyeogopa, watu wakamcheka, lakini gunia lilipanda.

"Na umefunga cheni kama bwana harusi mwenye haraka," alisema kwa dharau. "Baba yangu, na hakusoma, asingefunga hivyo na mzigo mgongoni."

"Kufunga vipi?"

"Kubwa juu, dogo chini. Unataka propela ikimbie wakati upepo wenyewe hauna nguvu. Ndiyo maana inasita. Upepo umepewa gunia na mlima, halafu unaambiwa kimbia."

Wabwire aliitazama cheni. Alikuwa ametengeneza breki za malori pale Malaba nusu ya umri wake, na sasa alikuwa akifundishwa mbele ya wavuvi na mtu aliyeshika mkasi. Mtu mwingine angepandisha hasira ili kuficha aibu, na shingo yake ilionyesha kwamba alifikiria kufanya hivyo. Kisha akamwambia Austine alete spana.

Kuyageuza magurudumu ya meno kulichukua saa nzima. Wavuvi walichoka kusubiri, wakarudi kwenye nyavu zao. Wabwire alipoondoa kigingi mara ya pili, gurudumu liliuma upepo polepole, likapata mwendo, likaongeza, mpaka majina yakawa duara moja jekundu lisilosomeka. Mashua ilitulia mahali pamoja. Haikwenda nyuma. Kamba aliyoishika Austine ililegea. Halafu, kwa mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa, mashua ikaja mbele, ikielekea uso wa upepo, mpaka tumbo lake likasugua mchanga.

Hakuna aliyepiga makofi. Mvuvi mmoja alisema, "Ai," basi.

Roselida aliurudisha mkasi kikapuni. Mabati yalikuwa yamekatwa; hakuna mkasi ambao ungeyarudisha kuwa paa.

"Leo na kesho mtakwenda na hii?"

"Leo nakaza. Kesho jioni tunaingia, Jumamosi asubuhi tunarudi."

"Jumamosi," Roselida alirudia.

Wabwire alikuwa ametia kigingi. Gurudumu lilisimama, na majina yakarudi. Nyuma yao, juu ya ukingo, alisimama mwanamke mwenye karai kichwani, akinunua omena. Alikuwa Asio, mwanachama wa kumi na tatu, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. Alisoma jina lake mara moja. Kisha akalitua karai, akalisoma tena.

*

Ijumaa alasiri, mvua ikinyesha, Asio alifika kwa Roselida akiwa na mwenyekiti. Akurut alikuwa mwanamke mrefu wa Moding, mwenye sauti ndogo. Alikunja mwavuli wake, akaukung'uta mara tatu, akaingia.

"Yoga," alisalimu.

"Mulembe, mama. Karibuni, ketini."

"Hatujaja kuketi." Akurut aliingia chumba cha kulala bila kuombwa, kwa kuwa sheria ya chama ilimruhusu. Alitazama nailoni. Alitazama sufuria iliyokuwa kitandani. Alitoka nyuma, akayahesabu mabati sita yaliyobaki, akarudi. "Dada Roselida, bati langu silioni."

"Liko ziwani, mama."

"Asio alipokuja kuniambia, nilimfukuza. Nikamwambia wivu umempanda kwa sababu zamu yako imetangulia yake. Nimemtukana mtoto wa watu bure."

"Jina langu linazungushwa kule kama tangazo la sabuni," Asio alisema. "Wavuvi wananiita. Asio, zunguka! Asio, leta upepo! Mimi nanunua samaki pale, Roselida. Nitaweka uso wangu wapi?"

"Mimi sikukata hayo mabati."

"Ni nani aliyapokea?" Akurut aliuliza.

"Ni mimi."

"Ni nani alisema mbele yetu, haya nimeyapokea, yatakuwa juu Jumamosi?"

"Ni mimi, mama."

"Basi sijui mwingine." Akurut hakupandisha sauti. "Miaka mitatu tumelindana. Nyumba kumi na moja zimeezekwa, hakuna bati hata moja lililopotea, kwa sababu hakuna mtu aliyehurumiwa. Nikikuhurumia wewe leo, Asio atapewa mabati ya karatasi kesho. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kesho tungekuja hapa. Hatuji tena. Kesho tutakwenda Sio Port, kwa sababu mabati yetu yako huko. Tutayachukua yalivyo. Na haya sita, na jina lako."

Roselida alishika kizingiti. Angeweza kulia, na Asio alikuwa akimtazama kuona kama atalia. "Njooni saa mbili," alisema. "Kabla lori la barafu halijaondoka. Nawaomba hilo tu. Mkute boti imerudi, mwone ndipo mkate shauri."

"Boti ikirudi, paa litakuwa limefunikwa?"

"Hapana."

"Saa mbili," Akurut alisema, akafungua mwavuli.

*

Saa mbili na nusu Jumamosi, wanawake kumi na wawili walikuwa wamesimama juu ya ukingo wa Sio Port, na Roselida peke yake hatua chache kando. Mvua haikuwa imeanza, lakini upepo wa kutoka nchi kavu ulikuwa mkali kuliko wa Alhamisi. Ulizipeperusha nguo zao kuelekea ziwani.

Mashua zenye injini zilikuwa zimekwisha kufika na kupakua. Zisizo na petroli zilionekana mbali, makasia yakipanda na kushuka. Dereva wa lori la barafu alikuwa anafunga milango ya nyuma.

"Yule si yeye?" mmoja aliuliza.

"Huyo ana kasia. Tunatafuta feni."

"Labda limezama."

"Usiseme hivyo. Kuna mtu ndani."

Roselida alisogea hatua moja kuelekea majini. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliwaza juu ya Wabwire pasipo kuwaza juu ya mabati, na wazo hilo lilimtia baridi. Upepo mkali namna hii hakuwa ameujaribu.

Ilipokaribia saa tatu, duara jekundu lilitokea nyuma ya mashua za makasia. Lilikuwa likiyumba. Liliipita mashua ya kwanza, wapiga kasia wakaacha kupiga wakalitazama. Likaipita ya pili. Sasa waliweza kusikia sauti yake, mtikisiko wa bati lililolegea, taka-taka-taka, na wakamwona Wabwire ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili kuizuia isianguke. Austine alikuwa akichota maji kwa mtungi.

Dereva aliwasha lori.

"Dereva, subiri!" Roselida aliita.

"Mama, saa tatu ni saa tatu. Barafu haimjui mtu."

Lori lilianza kusogea. Asio, ambaye omena zake zilikuwa zimekwisha kupakiwa humo na hakuwa na sababu ya kulichelewesha, alishuka ukingo akikimbia, akaliweka karai lake tupu mbele ya gurudumu la lori, akasimama kando yake.

"Wewe mama, una wazimu?"

"Ile boti ina jina langu," Asio alisema. "Haiwezi kuachwa na jina langu juu yake, watu wanione mimi ndiye niliyechelewa. Zima."

Dereva alizima. Alicheka kwa kukasirika, lakini alizima.

Mashua ilipanda mchanga. Wabwire alitia kigingi, na gurudumu likasimama likiwa na mapanga matano. Panga la sita lilikuwa limekatika usiku likaangukia ziwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa shati la Austine, na shati lilikuwa limelowa damu. Ndani ya mashua omena ziling'aa mpaka nusu ya ubavu, na tangi la petroli lilikuwa kavu tangu Jumatatu.

"Ni langu lililokatika," Amuge alisema polepole, akiyasoma yaliyobaki. "Langu limekwenda."

Wavuvi walikuwa wamesogea. Safari hii hawakutania. Mmoja alikuwa ameinama kuitazama cheni. Lori lilipakiwa, likaondoka. Noti zilikuwa mkononi mwa Wabwire, naye akapanda ukingo, akazinyoosha kwa Akurut, kwa mkono mzima.

Akurut hakuzipokea. "Hizi ni samaki. Mimi sikutoa samaki."

"Mama, umeona mwenyewe. Imerudi dhidi ya upepo."

"Nimeona. Ni kazi nzuri. Ungeniomba bati, ningekupa." Aliacha neno hilo likae. "Hukuomba. Ulimwachia mke wako aibu, wewe ukachukua feni."

Wabwire alizishusha noti.

Wanawake walijitenga wakashauriana. Asio alizungumza kuliko wote, na kutoka walipokuwa Roselida hakuweza kujua kama alizungumza dhidi yake au kwa ajili yake. Akurut aliporudi, alimkabili yeye, si mumewe.

"Jina lako halifutwi. Mabati sita yaliyo kwako ni yako, yapandishe. Yale sita ya ziwani hatuyahesabu kuwa tumekupa. Zamu yako imekuwa nusu, na nusu iliyobaki hatutaijaza." Kisha akamgeukia Wabwire. "Wewe utarudisha bati la kila mmoja wa hawa sita. Nyumbani kwake, kwa mikono yako, si kwa kutuma mtu. Bila hayo hatuna cha kumpa Asio, na Asio hawezi kungoja mvua ya mwaka ujao. Mwisho wa Juni."

"Ndiyo, mama."

"Geji thelathini."

"Ndiyo."

*

Chumba cha kulala kiliezekwa nusu. Upande wa pili ulibaki chini ya nailoni, na Roselida akahamisha kitanda. Kwa wiki kadhaa walizungumza mambo ya chumvi na sabuni tu. Wabwire aliingia ziwani kila jioni akiwa na mapanga matano, akatia la sita la ubao, na kila alipopata thamani ya bati moja alikwenda kwa Oluka na pesa mkononi, akaligonga kila bati kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipokea. Oluka alimwita ssebo, yaani bwana, kwa sauti ile nzuri.

La kwanza alimpelekea Amuge, ambaye lake lilikuwa chini ya maji. La pili alimpelekea Asio, akakuta watu wamekaa uani, akasema mbele yao lililomleta. La Among, la Brendah, la Ajiko aliyeishi Marachi ndani ndani, mwendo wa nusu siku. Baada ya Amuge, kila mwanamke alipopokea lake, Wabwire alikwenda Sio Port, akalikwangua jina lake kwenye panga kwa kisu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

La mwisho lilikuwa la Akurut. Tarehe ishirini na nane ya Juni alilifunga ubavuni mwa baiskeli, akalipitisha katikati ya Malaba. Malori yalikuwa yamepanga mstari kuelekea mpakani, na mafundi aliofanya nao kazi zamani walikuwa chini ya magari yao.

"Wabwire! Siku hizi unauza mabati mojamoja?"

"Hapana."

"Unampelekea nani?"

"Mwenyewe," alijibu, na hakusimama.

Alifika Moding saa nane, jasho likimtoka. Akurut alikuwa akipura masuke ya wimbi. Alimwacha amesimama mpaka akamaliza rundo lililokuwa mbele yake, akajifuta mikono, akamkaribia. Hakumkaribisha kuketi. Alilishika bati ukingoni, akaliminya kwa kidole gumba. Akaliinua, akaligonga mara mbili karibu na sikio lake.

"Limenunuliwa kwa pesa ya nani?"

"Ya omena."

"Omena za Mama Trizah za sokoni?"

"Hapana, mama. Za boti. Pesa yake sijaigusa."

"Na kwenu kunavuja bado?"

"Upande mmoja."

Akurut alitikisa kichwa, si kwa huruma. Aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyekundu na brashi iliyokauka ncha, akapiga magoti kando ya bati, akaandika jina lake herufi baada ya herufi, bila haraka, huku Wabwire akilishikilia lisipeperuke. Alipomaliza, alilibeba mwenyewe, akaliegemeza ukutani mwa nyumba yake mahali ambapo mvua isingefika, tayari kwa paa la Asio.

"Limefika," alisema. "Sasa nenda ukafute jina langu ziwani."